Droo ya zawadi na orodha ya imeili: chagua zawadi inayomkimbiza asiye mteja wako

Ukitangaza leo kwamba unagawa simu mpya kwa droo ya wanaokuachia imeili zao, majina yatamiminika kabla ya usiku. Wiki ijayo utawaandikia watu haohao kuhusu kahawa yako, na wengi hawatakumbuka wewe ni nani. Wachache watakutupa kwenye spamu, yaani barua taka, na hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu Gmail ikishaona watu wanakutupa, itaanza kukutupa yenyewe hata kwa wale waliokuwa wanakusubiri.

Kwa hiyo tunapoulizwa na wafanyabiashara wadogo wa Arusha na Moshi, yaani wakaangaji kahawa, wenye nyumba za wageni, kampuni ndogo za utalii, washonaji, wapishi wa keki, namna ya kupata imeili nyingi kwa kugawa zawadi, tunaanza na zawadi yenyewe. Fomu, matangazo na programu vinafuata baadaye. Orodha utakayoipata itafanana na zawadi uliyoiweka mezani.

Zawadi gani

Iwe kitu ambacho mteja wako angekinunua kwako kwa pesa yake, na ambacho asiye mteja wako asingehangaika kukijazia fomu. Simu, bando, pesa taslimu na vocha za supamaketi zinatakiwa na kila mtu, na ndiyo maana hazifai.

Tuseme unakaanga kahawa Moshi na unauza pakiti za gramu 250. Zawadi nzuri ni pakiti tatu kila mwezi kwa miezi mitatu. Usizitume zote tisa kwa mkupuo. Kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu yake ndani ya wiki chache, na iliyosagwa huwahi zaidi, hivyo mshindi akipewa zote mara moja atakunywa pakiti ya mwisho ikiwa imechoka na ataidhania ndiyo kahawa yako. Ukigawa kwa miezi mitatu, kila mzigo unamfikia ukiwa mpya, na wewe unapata sababu tatu za kuiandikia orodha nzima: leo tumemtumia mshindi kahawa tuliyoikaanga mwezi huu, na wewe ukitaka ya kundi hilohilo, agiza hapa.

Mpishi wa keki aweke keki ya kilo mbili ya siku ya kuzaliwa, ya kuchukuliwa mjini. Kwenye fomu aulize mwezi wa kuzaliwa, mwezi tu, bila tarehe wala mwaka. Swali hilo moja linampa sababu ya kumwandikia kila mtu mara moja kwa mwaka, wiki tatu kabla ya mwezi wake, wakati ambapo keki inafikiriwa kweli. Fundi wa nguo wa Arusha aweke shati au gauni la kitenge la kushonwa kwa vipimo, na aandike wazi kwamba mshindi atafika dukani kupimwa. Sharti hilo litawaondoa watu wa Mwanza na Mbeya, na ni sawa kabisa, kwa sababu hao hawezi kuwahudumia hata wakilipa.

Kampuni za utalii ndizo zinazokosea zaidi hapa. Safari kamili ya kupanda Kilimanjaro inavutia kwenye tangazo, lakini ada za hifadhi hulipwa kwa kila siku ya mlimani, njia ya Marangu peke yake inataka siku zisizopungua tano kupanda na kushuka, wapagazi na waongozaji wanalipwa uwe umemchukua mgeni bure au la, na mshindi wa Ujerumani akishindwa kupata tiketi ya ndege unabaki na deni la ahadi. Weka safari ya siku moja: maporomoko ya Materuni na kahawa ya kutwangwa kijijini, au maji ya Chemka, au mtumbwi Ziwa Duluti. Anayeitaka safari ya siku moja ya huku ni mtu ambaye tayari yuko njiani kuja, na huyo ndiye unayemtafuta.

Kwa utalii kuna njia nyingine ambayo binafsi tunaiona bora kuliko droo, nayo ni kumpa kila anayejiandikisha kitu kidogo chenye manufaa. Andika kijitabu cha kurasa sita cha mambo ya kufungasha kwa ajili ya mlima. Mweleze kwamba mpagazi habebi zaidi ya kilo 20, kwa hiyo begi la mgeni lisizidi kilo 15; kwamba kilele kiko mita 5,895 na usiku wa kupanda kileleni ni wa baridi kali hata mwezi wa Agosti; kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, basi asifungashe nguo zake ndani ya mifuko ya dukani kisha akanyang'anywa uwanja wa ndege. Hakuna asiyepanda mlima atakayehangaika kuomba kijitabu hicho, na kwa kuwa hakuna bahati nasibu, maswali ya kisheria nayo yanapungua.

Sasa pesa. Chukua mfano wa kukadiria: kahawa ya zawadi inakugharimu shilingi 90,000, kutuma 10,000, matangazo ya kulipia 50,000. Jumla 150,000. Wamejiandikisha watu 400, ukafurahi kwamba kila jina limekugharimu shilingi 375. Lakini waliothibitisha imeili ni 280, na baada ya miezi mitatu wanaobonyeza chochote ni 150. Jina lililo hai limekugharimu shilingi 1,000. Kama faida yako kwa pakiti ni 4,000, unahitaji kuuza pakiti 38 kwa watu hao kurudisha pesa yako. Piga hesabu hii kwa namba zako mwenyewe kabla ya kutangaza, ukiweka makadirio ya chini. Ikikataa kwenye karatasi, ongeza thamani ya kile utakachowauzia baadaye au punguza matangazo, lakini usibadilishe zawadi iwe simu.

Fomu

Jina la kwanza, imeili, na swali moja tu la kukusaidia kuwagawa watu. Muuza kahawa aulize: unatumia ya punje au iliyosagwa? Mwenye nyumba ya wageni aulize: huwa unakuja Arusha kwa kazi au kwa mapumziko? Kila swali unaloongeza linawafukuza watu, kwa hiyo swali lisiloamua utamwandikia mtu nini, liondoe.

Namba ya simu iwe ya hiari. Tunaiweka kwa sababu ambayo wageni wa fani hii huwa hawaijui. Simu nyingi zina akaunti ya Gmail kwa kuwa Android huiomba unapoiwasha mara ya kwanza, ila mara nyingi ilifunguliwa na fundi simu au muuzaji, na mwenye simu hajui hata nywila yake. Mtu huyo ataandika imeili yake kwa kukisia, au hataifungua kamwe. Wanaosoma imeili kila siku wapo, tena Arusha wapo wengi: wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mashirika, wa benki, wa hoteli, wahadhiri, wanafunzi wa vyuo. Kama wateja wako ni hao, imeili inalipa. Kama wateja wako ni mama lishe na bodaboda wa Mbuyuni, acha imeili, tumia WhatsApp, na usiwachoshe na fomu.

Chini ya fomu weka visanduku viwili tofauti, vyote vikiwa havijawekwa alama. Cha kwanza: nimesoma masharti ya droo. Cha pili: naomba mnitumie barua kuhusu kahawa mara mbili kwa mwezi, na naweza kujitoa wakati wowote. Wengi huvifanya kimoja, kisha wanashangaa kwa nini watu wanalalamika. Aliyekuja kwa ajili ya droo tu hajakubali kuandikiwa mwaka mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lile alilokusanyiwa, na inamtaka anayekusanya ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiwa na wageni wa Ulaya kwenye orodha, jua pia kwamba wao wana sheria yao, GDPR, inayotumika tangu Mei 25, 2018, na idhini iliyowekewa alama mapema haihesabiki kuwa idhini.

Uthibitisho, na kwa nini usiuruke

Mtu akishajaza fomu, mfumo umtumie barua yenye kiungo cha kubonyeza. Asipobonyeza, hayumo. Huduma za kutuma barua kwa watu wengi kama Mailchimp, MailerLite na Brevo zote zina kipengele hiki, ila angalia kwenye mipangilio kama kimewashwa, maana baadhi ya huduma hukiacha kimezimwa.

Utapoteza baadhi ya watu hapa na moyo utauma. Wapoteze. Wanaoondoka ni walioandika gmail.con na gmial.com, walioweka anwani ya rafiki, na waliotumia zile anwani za muda zinazokufa baada ya dakika kumi. Ukiwaweka, barua zako zitagonga anwani zisizokuwepo, na huduma za imeili huchukulia hiyo kuwa dalili ya mtu aliyenunua orodha.

Barua ya kuthibitisha iwe fupi na isifanane na tangazo. Mfano:

*Habari Neema. Umejiandikisha kwenye droo ya kahawa itakayochezeshwa Ijumaa tarehe 28. Imebaki hatua moja: bonyeza hapa ili tujue imeili hii ni yako. Usipobonyeza, jina lako halitaingia kwenye droo. Kama si wewe uliyejiandikisha, iache barua hii, hatutakuandikia tena.*

Na ukurasa unaoonekana baada ya kujaza fomu usiseme asante tu. Useme: fungua Gmail sasa hivi, tafuta barua kutoka kwa jina fulani, kama huioni angalia kwenye kichupo cha matangazo au spamu. Mstari huo mmoja hurudisha watu wengi kuliko barua ya kukumbusha utakayotuma kesho yake.

Hapa pia ndipo anwani unayotumia kutuma inapoleta shida. Huwezi kutuma barua za orodha kupitia Mailchimp au nyinginezo ukitumia jinalabiashara@gmail.com na kutegemea zifike. Gmail hukagua kama aliyetuma ana ruhusa ya kutumia jina hilo, na huduma hiyo haina ruhusa ya gmail.com. Nunua kikoa chako, yaani jina lako la mtandaoni linalokaa baada ya @, cha .co.tz au .com, kisha weka rekodi tatu kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa hicho: SPF, DKIM na DMARC, ambazo huthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Huduma ya imeili itakupa maandishi ya kunakili, na aliyekuuzia kikoa anaweza kukuwekea kwa dakika chache ukimtumia. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti haya. Wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku wanatakiwa wawe na zote tatu pamoja na kitufe cha kujitoa kwa mbonyezo mmoja, na wote, wakubwa kwa wadogo, wanatakiwa wasifikishe asilimia 0.3 ya wapokeaji wanaowaripoti kuwa spamu. Fikiria maana yake kwa orodha ndogo. Ukituma kwa watu 300, mtu mmoja tu akibonyeza spamu umeshafika 0.33. Ndiyo maana mtu asiyekutaka ni bora asiingie kabisa kuliko kuingia na kukasirika.

Watu wanaogopa droo, na wana haki

Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kutumiwa ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" au kuambiwa ameshinda zawadi na atume kwanza ada ya usajili. Droo yako inaingia katikati ya utapeli huo, na lazima ionekane tofauti tangu mwanzo.

Masharti yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa kushiriki, zawadi ni nini na inagharimu shilingi ngapi, inafungwa siku na saa gani, mshindi anapatikanaje, atajulishwaje, ana siku ngapi za kujibu, nani analipia usafirishaji. Weka mahali ulipo, kwa mfano mtaa na jengo, na namba ya simu inayopokelewa. Kisha sentensi hii, kwa herufi nzito: hatutamwomba mshindi atume pesa, namba ya siri wala picha ya kitambulisho.

Usilazimishe mtu anunue ndipo aingie kwenye droo. Ukimtoza, umegeuza promosheni kuwa mchezo wa kamari. Na hata droo ya bure, kabla ya kuitangaza, wasiliana na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia bahati nasibu kwa sheria ya mwaka 2003. Ukiona kwenye droo za kampuni kubwa kuna mwakilishi wa Bodi amesimama pembeni, sababu ndiyo hiyo. Waeleze ukubwa wa zawadi yako na namna mshindi atakavyopatikana, wakuambie unahitaji nini. Kama hutaki mlolongo huo, rudi kwenye ile zawadi ndogo ya kila anayejiandikisha, kama kijitabu, au fanya shindano la ustadi lenye majaji na vigezo vilivyoandikwa, kama picha bora ya kikombe cha asubuhi.

Kusambaza

Siku 10 zinatosha, 14 zikizidi sana. Watu wengi huja siku mbili za mwanzo na siku ya mwisho, na katikati panakuwa kimya. Ukiweka mwezi mzima unaongeza ukimya tu. Funga saa mbili usiku, wakati watu wako nyumbani na simu mkononi, na uwakumbushe asubuhi ya siku hiyo.

Angalia kalenda ya huku. Moshi mwezi wa Desemba hujaa watu wa Dar na kwingineko waliorudi nyumbani kwa Krismasi. Kwa muuza kahawa hao ni wateja wa kuwatumia mzigo mwaka mzima, na wapo kwa wiki mbili tu. Kilimanjaro Marathon inaleta wakimbiaji mjini kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Arusha kuna Nane Nane viwanja vya Njiro mwezi wa Agosti, na wakati wa msimu mkubwa wa wageni, Juni hadi Oktoba, hoteli zimejaa watu wanaosoma imeili zao kila asubuhi. Masika, kampuni ya utalii itumie muda huo kuandika kijitabu na kusafisha orodha.

Kwenye kaunta na kwenye banda la maonyesho, weka karatasi yenye msimbo wa QR wa ukubwa usiopungua sentimita tatu, na uujaribu kwa simu ya bei nafuu kwenye mwanga hafifu kabla ya kuchapisha nakala mia. Karatasi inayong'aa sana inaakisi taa na kamera inashindwa kusoma. Daftari la kuandikiwa kwa mkono tunalipinga kabisa: herufi l na tarakimu 1, o na sifuri, na kistari cha chini kinachomezwa na mstari wa daftari, vyote vitakupa anwani zilizokufa. Ikibidi uandike, msomee mtu herufi moja moja mbele yake.

WhatsApp ndiyo itakayokuletea wengi. Usitupe kiungo kitupu kwenye makundi ya ukoo na ya vikoba. Andika mistari miwili inayosema ni nini, kwa nani, na inafungwa lini. Kwa Facebook, masharti yao yanakataza kumlazimisha mtu asambaze kwenye ukurasa wake binafsi au atagi marafiki ili ashiriki, ingawa utaona biashara nyingi zikifanya hivyo. Instagram nao wanataka useme wazi kwamba droo haina uhusiano nao.

Nafasi za ziada kwa anayemleta mwenzake hufanya kazi vizuri, na huleta ujanja pia. Kila mshiriki anapewa kiungo chake, na kila rafiki aliyethibitisha imeili anamwongezea nafasi moja. Weka kikomo, kwa mfano nafasi 10, la sivyo mtu mmoja mwenye anwani 60 za kubuni atachukua droo na wengine watajua. Na ukague kitu hiki: Gmail haijali nukta. Barua ya neema.m@gmail.com na ya neemam@gmail.com zinafika sehemu moja, na chochote kinachofuata alama ya kujumlisha kabla ya @ hupuuzwa vilevile. Kwa anwani za Gmail pekee, ondoa nukta na maneno ya baada ya kujumlisha kwenye safu ya pembeni ya jedwali, kisha tafuta zinazojirudia.

Siku ya droo

Jedwali la Google Sheets linatosha. Kila nafasi iwe na mstari wake. Mwenye nafasi nne anajitokeza mara nne. Kwenye safu ya mwisho andika =RAND() na uiburute mpaka chini, kila mstari upate namba yake. Namba hizo hubadilika kila unapogusa jedwali, kwa hiyo kabla ya kupanga, nakili safu yote na uibandike papo hapo kama thamani tu, kwa Ctrl+Shift+V. Sasa panga kutoka kubwa kwenda ndogo. Wa kwanza ni mshindi, wa pili na wa tatu ni akiba. Ukisahau kubandika thamani, mpangilio utaruka mbele ya watu na hakuna atakayekuamini.

Rekodi skrini au fanya mubashara, lakini ficha safu ya imeili na ya simu kwanza. Tangaza jina la kwanza na eneo, "Neema wa Sakina", na hata hilo kwa ruhusa uliyoiomba kwenye masharti.

Barua ya kumjulisha mshindi ndiyo inayokosewa na karibu kila mtu. Kichwa cha "HONGERA UMESHINDA!!!" kinafanana na barua za matapeli, na mshindi wako halisi ataifuta. Andika: *Kahawa yako ya droo: tukutumie kwa basi gani?* Ndani mwambie jina la droo aliyoingia na tarehe aliyojiandikisha, mkumbushe kwamba hatatakiwa kulipa chochote, muulize stendi ya kupokelea na jina la mpokeaji, mpe saa 72, kisha umpigie pia kama aliacha namba. Ukituma kwa basi, mpigie picha risiti ya mzigo na umtumie siku hiyohiyo pamoja na namba ya gari. Zikipita saa 72 bila jibu, nenda kwa wa akiba, kama masharti yalivyosema.

Wale 279 wengine waliothibitisha

Siku ileile ya droo, waandikie wote walioruhusu kuandikiwa. Waambie nani ameshinda, kisha uwape kitu: punguzo la asilimia 15, au kusafirishiwa bure kwa agizo la pakiti tatu, mwisho baada ya siku saba. Hii ndiyo siku ambayo watu wengi kuliko wakati mwingine wowote watafungua barua yako, kwa sababu wanataka kujua kama ni wao. Kuna wanaotumia siku hiyo kumpongeza mshindi na kunyamaza, na mwezi mmoja baadaye wanarudi kwa watu waliokwisha kuwasahau. Ukiweza, panga droo iangukie kati ya tarehe 25 na tarehe 3, mishahara ikiwa imetoka.

Baada ya siku nne tuma barua isiyouza kitu: namna ya kuhifadhi kahawa isipoteze harufu, kipimo cha maji na unga, gramu 60 kwa lita moja. Wa punje wapate ya kusaga, wa unga wapate ya kuchemsha. Ndiyo kazi ya lile swali la kwenye fomu. Baada ya wiki moja nyingine, barua ya tatu yenye swali la kujibiwa kwa maneno: huwa unanunua kahawa wapi sasa? Majibu ya kweli kutoka kwa wapokeaji huisaidia Gmail kuona kwamba mnafahamiana, na yatakufundisha soko lako kuliko takwimu za programu.

Barua ziwe nyepesi. Ujumbe ukizidi kilobaiti 102 za maandishi na msimbo, Gmail huukata na kuficha sehemu ya chini, ambako ndiko kilipo kiungo cha kujitoa, na asiyekiona atabonyeza spamu. Picha nazo ziwe ndogo. Msomaji analipia bando.

Usitegemee sana asilimia ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple yenyewe hupakua picha za barua, ikaonekana imefunguliwa, hata kama mwenye simu hajaisoma, na wageni wengi wa utalii wanatumia iPhone. Hesabu waliobonyeza, waliojibu na walionunua. Baada ya siku 90, asiyefanya lolote kati ya hayo mwandikie barua moja: bado unataka tukuandikie? Bonyeza hapa ubaki. Asipobonyeza ndani ya wiki mbili, mwondoe.

Droo nyingine isubiri walau miezi minne. Ukifanya kila mwezi, watu wanazoea kungoja cha bure na wanaacha kununua. Na kabla ya hiyo ya pili, hakikisha waliojitoa wamebaki kwenye orodha ya waliozuiwa ndani ya huduma yako, hujawafuta kabisa. Ukiwafuta halafu ukapakia tena lile faili la zamani, watarudi wote kwenye orodha bila wewe kujua, na watakuwa wa kwanza kukuripoti.